Kifaru yule au kifaru kile? (na beji yangu feki ya elfu 45)

Najua nimeadimika, kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Sijadisco bwana. Matokeo yametoka salama, nimerudi hosteli tangu Jumapili, na godoro langu nimelikuta lilipo, jambo ambalo kwa chuo chetu ni la kumshukuru Mungu. Likizo nzima nilikuwa nyumbani Bariadi na bando lilikuwa la kubangaiza, ndiyo maana kimya.

Leo nataka niwasimulie ule ugonjwa wangu mpya ambao rumeti wangu anaucheka kila siku: kukusanya beji na nishani za askari wa zamani. Wengine wanakusanya stempu, wengine wanakusanya mademu, mimi nimeangukia huku. Ulianza mwaka wa pili kwenye somo la historia, mwalimu alipotuonyesha picha kubwa ya ile sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Wote tumepita pale tukikimbilia daladala na hatujawahi kuitazama. Imesimama tangu 1927, na maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Nikajiuliza, huyu mzee wa shaba angekuwa hai, vitu vyake vya kifuani na kofiani viko wapi sasa hivi? Swali la kijinga, lakini likanikaa kichwani kama wimbo wa singeli.

Basi bwana, bumu likaingia. Si mnajua bumu likiingia mtu anakuwa na akili za tajiri kwa siku nne. Nikakuta mtandaoni jamaa anauza "vitu vya kale halisi", yuko Mwanza. Ana beji ya kofia ya Keya. Kwa ambao babu zenu hawakusimulia: Keya ni King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu, na wazee wakalifupisha hivyo hivyo K.A.R. ikawa Keya. Beji ina pembe ya kupuliza, taji juu, herufi tatu chini. Jamaa akaniambia ni ya Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914, aliipata kwa mzee mmoja aliyefariki, na kuna Mzungu anaitaka kwa laki mbili ila yeye anapenda ibaki kwa Mtanzania. Uzalendo huo! Nikatoa elfu 45. Nilikula chapati na maji wiki mbili.

Siku moja nikapita kwa sonara mmoja mjini, mzee wa makamo, nilimpelekea hereni ya dada yangu. Nikachomoa beji yangu kwa mbwembwe. Akaigeuza nyuma kwanza. Hakuangalia mbele kabisa! Akaweka ile lenzi yake jichoni, akaniuliza nimenunua shilingi ngapi. Nikamwambia. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kijana, hii imemiminwa, haikupigwa."

Akanielekeza, na nawapa bure. Beji za kweli za jeshi zilikuwa zinapigwa: bati la shaba linawekwa kati ya vyuma viwili vyenye mchoro, linagongwa kwa mashine. Kwa hiyo mistari inakuwa mikali, kona zina ncha, na ukigeuza nyuma unaona mchoro ule ule umebonyea kwa ndani. Feki nyingi zinatengenezwa kwa kuchukua beji moja, kuikandamiza kwenye kalibu, na kumimina shaba ya moto. Shaba ikipoa inanywea kidogo, kwa hiyo feki inakuwa ndogo kwa unywele kuliko mama yake. Na inakuwa na vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga. Yangu ilikuwa na vishimo nyuma, na zile nafasi zilizotakiwa kuwa wazi kati ya pembe na herufi zilikuwa zimejaa shaba kama uji ulioganda.

Hiyo ni aibu ya kwanza. Ya pili niliigundua mwenyewe nikiwa najisomea usiku. Taji! Wakati wa wafalme wa Uingereza, kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita mpaka George wa Sita alipofariki 1952, taji kwenye beji za jeshi lilichorwa na mabega ya duara, yanapanda juu kama mgongo wa kobe. Elizabeth aliposhika nchi na kuvishwa taji 1953, wakabadilisha mchoro, mabega ya taji yakawa yanabonyea katikati, kama godoro la hosteli. (Charles alipoingia 2022 akarudia lile la duara, kwa hiyo msije mkachanganyikiwa.) Sasa yangu mimi, ya 1914, ilikuwa imebonyea. Yaani askari wangu alikwenda kupigana na Mjerumani akiwa amevaa taji la malkia ambaye hata hajazaliwa! Nilicheka mpaka rumeti akawasha taa.

Taji hilo ni kipimo kizuri sana kwa sisi wanaoanza, kwa sababu ni bure. Beji ya Keya ya kweli yenye taji la kubonyea inawezekana, lakini itakuwa ya kati ya 1953 na Uhuru, kwa sababu kwetu Tanganyika baada ya Desemba 1961 Keya ya hapa iligeuzwa Tanganyika Rifles, nayo ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo ikazaliwa JWTZ. Muuzaji akikutajia mwaka, mwangalie yeye usoni halafu angalia taji.

Nikitaja JWTZ, niseme hili haraka. Habari zilipoenea kuwa nakusanya beji, mshikaji mmoja aliniletea beji ya kofia ya jeshi letu la sasa, kaitoa kwa mjomba wake. Zawadi, bure kabisa. Rumeti wangu baba yake ni mwanajeshi. Alivyoiona kwenye meza hakucheka siku hiyo. Alinikumbusha ya Agosti 2023, jeshi lilipotoa siku saba raia wote wenye sare na mavazi ya kijeshi wayasalimishe. Sheria inakataza raia kuwa na vitu hivyo bila ruhusa, na polisi hawatakusikiliza ukiwaambia wewe ni mkusanyaji. Beji ikarudi kwa mjomba usiku ule ule. Kwa hiyo mimi na jeshi lililo hai hatujuani. Nakusanya ya majeshi yaliyokwisha kufa tu.

Sasa twende Bariadi, maana huko ndiko kuna habari yenyewe.

Kutoka Mwanza unapita Magu, unafika Lamadi, pale unaliacha ziwa na barabara ya Musoma, unakata kulia. Wengine mnaijua Simiyu kwa pamba na kwa Nanenane za pale Nyakabindi tu. Mkoa wenyewe ni mdogo wangu kiumri, umeanzishwa 2012, kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga. Lakini wazee wake si wadogo. Vijana wa Kisukuma wengi sana walichukuliwa Keya wakati wa vita vya Hitler. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na wazee wawili watatu mtaani waliokuwa wanaitwa "Bama" na sisi tulidhani ni jina la ukoo. Kumbe ni Burma! Wote wameshalala sasa.

Nilipomwambia mama ninachotafuta, akasema kuna bibi upande wa Itilima, alikuwa mke mdogo wa mzee wa Keya, na kuna kitu anatunza. Kijiji sitakitaja, mtanielewa mbele. Mjukuu wake anachaji simu za watu kwa sola pale senta, nikampata kwa namba, akaniambia njoo kaka, mzigo upo. Hilo neno "mzigo" lilinikera kidogo, lakini nikapanda bodaboda. Mfukoni nina elfu sitini. Kwenye begi nina rula, lenzi ya elfu tano na kisumaku.

Nikamkuta bibi uani anaanua michembe. Nikamsalimia shikamoo, halafu nikajaribu na Mwadila yangu ya mjini, akacheka mpaka akakaa chini. Ni mtu wa miaka kama tisini, mwembamba, macho yanaona vizuri kuliko yangu. Nikaletewa matobolwa na karanga. Hamna haraka. Dogo ndiye mwenye haraka, anazungukazunguka na simu.

Bibi akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, la zamani, limeshika kutu. Ndani kuna kitambaa, ndani ya kitambaa kuna vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa medali ya duara, nyeupe kama fedha. Upande mmoja kichwa cha mfalme mwenye taji, upande wa pili simba amesimama juu ya mdudu mwenye vichwa viwili, na miaka 1939 na 1945. Hii ndiyo War Medal, walipewa karibu wote waliokuwa jeshini wakati ule. Bibi akaweka kidole juu ya yule mdudu. "Mzee alisema hili ni joka. Kichwa kimoja Hitlari, kingine Mjapani." Wadau, nilipigwa na butwaa. Ndivyo mchoro ule ulivyokusudiwa hasa, adui wa magharibi na adui wa mashariki kwenye kiwiliwili kimoja. Mimi nilikuwa nimelijua kwa kusoma mwezi uliopita, yeye analijua tangu kabla ya Uhuru.

Cha pili kilikuwa nyota ya pembe sita. Moyo ukadunda. Nikaomba ruhusa, nikageuza nyuma kwanza kama sonara alivyonifundisha. Nyuma tupu, safi, hakuna vishimo. Mbele, katikati, herufi za mfalme GRI na VI chini yake zimesimama kama zimekatwa kwa wembe, taji juu, la mgongo wa kobe, na kwenye duara maneno The Burma Star. Rula ikasema upana sentimita nne kasoro kidogo, sawasawa. Kisumaku hakikushika. Utepe wake umeoza, lakini kwenye kijipande kilichobaki penye pete bado unaona buluu iliyokoza, wekundu katikati, na kijistari cha chungwa ndani ya buluu. Mkono ulikuwa unatetemeka, sitawadanganya.

Ila pembe mbili za nyota zilikuwa zinang'aa kupita kiasi, zina mikwaruzo. Dogo akasema kwa fahari aliisugua jana na ule waya wa kuoshea sufuria ili mteja aone shaba. Nilitamani kulia. Jamani, mkiwa na kitu cha zamani msikisugue! Lile giza la juu limejengwa kwa miaka themanini, na ukilitoa umelitoa.

Nikamuuliza bibi mzee alikuwa kikosi gani. Hajui namba. Akasema tu, "Yeye alikuwa anajiita mtu wa kifaru."

Dogo akadakia, "Eeh, babu alikuwa anaendesha kifaru, kile cha vita. Hata kwenye mazishi walisema."

Hapo ndipo nikashtuka. Nikamuuliza bibi polepole, kifaru yule au kifaru kile? Mnyama au chuma? Bibi akanitazama kama vile nimechelewa miaka yote kuja kuuliza. "Yule! Mnyama. Alikuwa hapa." Akajipiga begani, juu ya mkono. "Kichwa cha kifaru, cha kushonwa."

Wadau, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Sri Lanka, wakati huo Ceylon, halafu Burma 1944, alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru! Ilivaliwa begani. Ndani ya divisheni hiyo kulikuwa na vikosi vya Keya vya kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, na viwili vya Tanganyika, cha 26 na cha 36. Ndio walioteremka bonde la Kabaw katika masika ya kule, matope mpaka magotini, malaria na homa za porini, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin Desemba 1944. Babu wa dogo hakuendesha chuma chochote. Alitembea kwa miguu.

Nikawasimulia hivyo hivyo, kwa Kiswahili na Kisukuma changu cha kuungaunga, bibi akawa ananisahihisha. Matope alikuwa anayajua. Akasema mzee mvua kubwa ikinyesha alikuwa halali ndani, anakaa mlangoni mpaka ikatike. Dogo aliacha simu. Akauliza, "Kwa hiyo hakuwa dereva?" Nikamwambia hapana. Akanyamaza. Sijui kama nilimwongezea au nilimpunguzia.

Halafu tukafika kwenye bei. Dogo alitaka elfu 30 kwa vyote viwili. Na mimi nina sitini! Ningelipa pale pale, ningepanda boda, na leo ningekuwa nawawekea picha hapa mnaona wivu.

Sasa ngojeni niwaeleze kilichonikwamisha, si kwamba mimi ni mtakatifu. Nyota hizi za Vita vya Pili Waingereza walizitoa bila jina. Walioandikiwa majina ni kama wa Australia na Afrika Kusini. Ya huyu mzee haina jina, haina namba, nyuma tupu. Karatasi zake za jeshi zililiwa na mchwa zamani. Maana yake ni kwamba kitu pekee duniani kinachoiunganisha ile shaba na yule mtu ni yule bibi na lile kopo. Nikiitoa pale na kuileta hosteli, inakuwa Burma Star moja kati ya maelfu, haina kifaru, haina mtu wa kukaa mlangoni. Ungeniuliza ni halisi ningesema ndiyo, shaba ni halisi. Halafu?

Na jingine: bibi hakuwa amesema anauza. Nilimgeukia, nikamuuliza yeye, si dogo. Akasema anasikia vitu hivi vina mali, mwaka juzi walikuja watu na sumaku wakitafuta rupia za Mjerumani, wakataka kumpa elfu kumi. Akaniuliza, "Wewe umesoma. Bei yake ni ngapi?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba haina zebaki, haina dhahabu, na huko Uingereza si adimu, labda bei ya mbuzi wawili, wakubwa. Alicheka. Alidhani nitasema milioni. Halafu akaifunga kwenye kitambaa. "Basi mbuzi ninao." Habari ikaishia hapo. Alikubali nipige picha mbele na nyuma, nikaandika aliyonisimulia kwenye daftari, kurasa saba. Nikamwachia sukari kilo mbili na sabuni nilizokuja nazo. Nilipoaga akasema wabeja sana, na mimi nikawa naona aibu ya kushukuriwa.

Njia nzima kurudi Bariadi nilikuwa nimenuna. Nimetoka bila kitu! Mkusanyaji gani mimi?

Ilipaswa iishie hapo. Lakini wiki mbili baadaye, Alhamisi usiku, dogo akapiga. "Kaka, bado unaitaka ile? Kuna jamaa wa Mwanza anakuja Jumapili, katoa elfu 80. Wewe nakupa kwa 70, nyota tu. Bibi hajui."

Nilikaa na simu mkononi. Kichwa kikaanza kupiga hesabu zake za kishetani: nisiponunua mimi ananunua mwingine. Angalau mimi namjua babu. Angalau mimi nina kurasa saba. Mnaona sababu zinavyokuja zikiwa zimeshavaa suti? Nilimwambia nitampigia asubuhi. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikamwambia mama. Mama hakunihubiria, aliniuliza tu, "Huyo bibi angekuwa wa kwetu?" Jumamosi akapanda boda mwenyewe mpaka Itilima. Hakumsema dogo kabisa. Alimwambia bibi tu kwamba watu wa mjini wameanza kuulizia ulizia, kopo lihamishwe. Bibi akasikiliza, akaitoa nyota, akaifunga kwenye pindo la kanga yake kama mtu anavyofunga hela ya soko, akaendelea kukoboa karanga. Mama anasema dogo alikuwa mlangoni anaona. Tangu siku ile hajapokea simu yangu, na mimi namwelewa. Elfu 80 si mchezo kwa mtu anayechaji simu kwa mia tatu.

Kwa hiyo mkusanyiko wangu mpaka leo una kitu kimoja, ile beji feki ya elfu 45, ipo ukutani juu ya kitanda, taji limebonyea. Pamoja na picha nne na daftari.

Mwenye babu au bibi mwenye kopo la namna hiyo, uwe Maswa, Meatu, Busega au popote, nitafute kwa meseji. Sinunui. Nataka kuona tu, na nakuja na daftari jipya. Ila tafadhali mwambie dogo wa nyumbani asiisugue kabla sijafika.